Baiskeli Juu ya Basi

Mbele yangu walikaa kinyozi na shemeji yake, wamevaa kofia ngumu, hawana hata tone la jasho. Baiskeli zao zilikuwa juu ya basi lililokuwa likikwea mlima uleule walioahidi kuupanda ili watu wachangie vitanda vya wodi ya watoto.

"Shemeji, huu ni udanganyifu," alinong'ona kinyozi.

"Tuliahidi kupanda mlima na baiskeli. Baiskeli zinapanda, sisi tunapanda. Kosa liko wapi?"

"Watu wamechanga wakijua tutatoka jasho."

"Jasho ni siri ya mtu na shati lake."

Nami nilikuwa nimechanga.

Kwenye kona kali injini ikazimika. Tukaambiwa tushuke tusukume. Shemeji mtu akamsihi kondakta amshushie baiskeli, angalau apande kwa heshima.

"Zitashuka kileleni," kondakta alimjibu. "Sukuma."