Mama Rudia na Jino la Karani

Miaka thelathini na minne, mwezi mmoja na siku tisa: ndiyo muda ambao Mama Rudia ameisumbua maabara yetu. Anastaafu tarehe thelathini mwezi huu, na hata mashine zitashusha pumzi.

Alianza kwa kuosha vioo vya kupimia, akasoma, akapanda hadi mkuu wa maabara. Jina alilipata kwa neno lake moja. Ukimpelekea jibu la ajabu, alishusha miwani akasema rudia. Likija lilelile, alirudia mwenyewe kwa mashine nyingine. Tulimchukia hasa saa ya chakula.

Miaka sita iliyopita karani wa mapokezi, ambaye ndiye anayeandika haya na anajiita karani ili asiharibu sherehe kwa machozi, alipimwa damu kwa tumbo lisiloisha kuuma. Kipimo kimoja kilitakiwa kiwe chini ya thelathini na saba. Kilisoma mia sita na kumi. Sote tulikiita "kipimo cha saratani", hata kwenye fomu, basi karani akajihukumu. Madaktari walimtia kamera juu na chini, wakapiga picha ini na kongosho, wasione kitu. Karani akaanza kugawa nguo. Dada yake alichukua gauni la kijani bila hata kubembelezwa.

Mama Rudia alirudia kipimo mara tatu. Namba ikagoma kushuka. Ndipo akasoma faili zima, akapanda ngazi hadi kwa daktari bingwa, akamuuliza, kwa adabu yake ile inayouma, kama ana habari kwamba wanawake wana ovari.

Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye ovari ya kushoto. Karani kusikia "uvimbe" akakaa sakafuni. Mama Rudia akakaa naye, koti jeupe na yote, akamweleza kwamba hata uvimbe usio na madhara hupandisha kipimo kile. Akakiri kwamba hana uhakika mpaka utolewe.

Ulipotolewa, ndani mlikuwa na nywele na jino moja, maana uvimbe wa aina hiyo huweza kuota vitu hivyo. Saratani hakuna. Baada ya wiki sita namba ilisoma kumi na nne. Karani akalia. Mama Rudia akashusha miwani, akasema rudia. Ikaja kumi na nne tena, naye akachukua kalamu nyekundu, akafuta "cha saratani" kwenye fomu zetu zote.

Leo karani amevaa gauni la kijani, baada ya mwaka mzima wa kugombana na dada yake.

Asante, mama. Kapumzike, ulale mpaka saa nne, uishi vizuri na wajukuu. Na neno lako tumelifupisha makusudi: rudi.