Zamu ya Alfajiri ya Mzee Clemens Mtewele

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wanajumuiya, askari wastaafu, ndugu zetu Waislamu mliofunga maduka kuja kutufariji, na nyote mliofika toka Njombe na kwingineko, nawasalimu kwa salamu ya kwetu, kamwene. Historia hii aliianza marehemu kwa mkono wake katika daftari, familia ikaimalizia, na Lenard, mwanawe wa kwanza, anaisoma bila kuruka neno, maana ndivyo alivyoagizwa.

Mzee Clemens Mtewele alizaliwa tarehe 3 Mei 1956 katika kijiji cha Kifanya, Njombe, akabatizwa mwaka huohuo, akasoma shule ya msingi hapohapo Kifanya kuanzia 1965 hadi 1971, kisha akamsaidia baba yake shambani mpaka alipojiunga na jeshi mwaka 1976.

Vita vya Kagera vilipoanza, marehemu alikwenda mstari wa mbele pamoja na Methodi Kiswaga, kijana wa Mdandu, ambaye alikula naye sahani moja na kusali naye rozari moja, kwa kuwa ya Clemens ilipotea njiani. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili 1979, wakiwa ndani ya Uganda, zamu ya ulinzi ilikuwa ya Clemens, naye akamwambia Methodi kwamba ana homa, na Methodi akachukua bunduki akaenda kusimama mahali pake, akapigwa risasi kabla jua halijatoka. Katika daftari marehemu ameandika, na amepigia mstari, kwamba hakuwa na homa, alikuwa na usingizi tu.

Tarehe 14 Oktoba 1979, akiwa likizo, alikwenda Mdandu na rozari ile mfukoni, akitaka kumpa mama wa Methodi rozari na habari pamoja, lakini mama yule alipoona sare ya jeshi kwa mbali alikimbia akidhani ni mwanawe, na alipoona siye, hakukasirika, akamchinjia kuku. Tunajua sote kwamba kwetu mgeni aliyetoka mbali hahojiwi kabla hajala, na aliyekwisha kula kuku wa watu huona shida kuinuka na kuwaachia kilio, kwa hiyo mama alipouliza, “Mwenzako umemwacha wapi, mwanangu?” Clemens alijibu, “Yuko nyuma, mama, anakuja,” akaaga, akaondoka na rozari. Barua ya jeshi ilipofika baadaye mama aliikataa, akisema askari amekula nyumbani kwake na kumhakikishia, akaendelea kumngoja mwanawe mpaka alipofariki mwaka 1991.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Dafroza tarehe 18 Juni 1983, wakajaliwa watoto wanne, Lenard, Erica, Hulda na Sadock, na wajukuu tisa. Alikuwa baba wa kunyoosha sare za shule kwa pasi ya mkaa, hakukosa kikao hata kimoja cha wazazi, na alitaka viatu vyote vipangwe mlangoni vikitazama nje, hata mama yetu akawa anamtania kwamba nyumba yake i tayari kurudi vitani. Tulimpenda sana, na tulimwogopa kidogo.

Alistaafu mwaka 1998, akahamia hapa Makambako, akaanza kuuza mbao za miti aliyoipanda mwenyewe Kifanya, na tangu mwaka huo kila alfajiri, hata upepo wa Julai ulipokuwa ukikata masikio, alivaa koti, akasimama getini mpaka jua litoke. Sisi watoto tulidhani analinda mbao. Jirani yetu Mzee Mustapha, mnunuzi wa mahindi, alimpita hapo kila siku akienda msikitini, na kila alipomwambia akalale alijibiwa, “Nimeshika zamu ya mtu. Askari haachi lindo mpaka aje wa kumpokea.”

Mwezi Machi mwaka huu, 2025, marehemu alianza kuvimba miguu, akapelekwa Hospitali ya Ilembula, ikaonekana ni moyo, na hata huko wauguzi walimkuta alfajiri amesimama dirishani akishikilia kitanda. Mwezi Mei alimwita Mzee Mustapha, akamweleza yote, akamwomba, kwa kuwa hununua mahindi Mdandu, amtafutie yeyote wa ukoo wa Kiswaga. Akapatikana Bibi Dorosela, mdogo wake Methodi, aliyeahidi kufika hospitalini Ijumaa ya tarehe 20 Juni, lakini Mzee Clemens alifariki Alhamisi ya tarehe 19, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, na hilo linatuuma kuliko yote.

Juzi familia ilibishana kama maneno haya yasomwe mbele za watu, wengine tukiona ni kumvua baba nguo, na mama yetu Dafroza akamaliza ubishi kwa kusema, “Mume wangu amenyamaza miaka arobaini na sita na hajalala. Someni.”

Bibi Dorosela alifika jana jioni, akasimuliwa yote, hata habari ya getini, akapokea rozari, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, hakula. Hakusema amesamehe, nasi hatukumwuliza. Leo alfajiri Mzee Mustapha, akienda msikitini, alishtuka kumwona mtu getini mahali palepale, kumbe ni bibi huyo, amesimama na shuka mabegani, naye akamwambia, “Alimwambia mama kwamba Methodi yuko nyuma, anakuja. Methodi hakuja, nimekuja mimi. Mwambieni nimempokea.” Akasimama hapo mpaka jua likatoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ilembula, Baba Paroko, jumuiya, majirani, askari wenzake na wauza mbao wenzake, na Mzee Mustapha kwa namna ya pekee. Ambaye hatukumtaja asituhesabie kosa.

Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe.

Baba, umepokewa. Weka silaha chini, ulale. Pumzika kwa amani.