Papa Ambroise Wilondja, Fundi Nguo Aliyeitetea Amerika

Ndugu wapendwa katika Bwana, huyu tunayemlaza leo hapa kambini Dzaleka, Papa Ambroise Wilondja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Mboko, Fizi, katika Kivu ya Kusini. Alikuwa mtoto wa nne wa Mzee Wilondja na Mama Epiphanie. Baba yake alikuwa askari wa Wabelgiji katika Vita vya Pili vya Dunia. Walimpeleka hadi Abisinia kupigana na Wataliani, akarudi na blanketi na kikohozi. Watoto walipomuuliza nani alishinda, mzee alijibu, "Ni sisi," halafu akaendelea kukohoa.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Mboko, akamaliza darasa la sita mwaka 1974. Mwalimu aliwafundisha kwamba walioshinda ni mataifa mengi yaliyoungana. Ambroise hakutosheka. Alitaka kujua katika hao walioungana ni nani hasa aliyebeba mzigo mzito, na swali hilo hakuliacha tena.

Alijifunza kushona kwa mjomba wake Uvira. Tarehe 9 Agosti 1986 alifunga ndoa na Mama Annuarite, na Mungu akawapa Patient, Elodie na Cadeau. Vita vilipowafukuza walivuka kwenda Tanzania, na mwaka 2009 wakafika Malawi. Alishona magauni na kuyauza soko la Tsoka, Lilongwe, mpaka mwaka 2023 wakimbizi waliporudishwa kambini. Hapo akaweka mashini yake ya kushonea kwenye baraza, jirani na Gakiza, kinyozi Mrundi.

Wote mnaijua ile baraza. Gakiza alisema walioshinda Vita vya Pili ni Warusi, Papa Ambroise akasema ni Amerika.

"Warusi balikufa mamilioni, mzee. Amerika yako ilikuya chakula imeshaiva, ikanawa mikono, ikakula!"

"Na nani alileta unga?" Papa Ambroise alijibu, mguu ukikanyaga mashini. "Malori, nyama ya kopo, hata viatu. Warusi balivaa viatu ya Amerika. We Gakiza, askari bila suruali anashinda nani?"

"Anashinda fundi nguo!"

Watu walicheka, wateja wakasahau nywele zao. Mama Annuarite akipita na ndoo ya maji alisema, "Mungu abasamehe. Na bamama balibaki na batoto, beo balishinda nini?" Hapo kila mmoja alirudi kwenye kazi yake.

Lakini tulioishi naye tulijua kwa nini hakukubali kushindwa. Elodie alikuwa ameshahamia Amerika, jimbo la Iowa, na huko alizaa mtoto wa kike, Gabriella, ambaye babu yake hakuwahi kumbeba. Kesi ya wazazi ya kuhamia huko nayo ilikuwa imekubaliwa. Amerika ndiyo ilikuwa njia ya kwenda kumwona mtoto wake.

Tarehe ya kusafiri ilitoka: 29 Januari 2025. Akafanya kama wanavyofanya wote hapa wakipata ndege. Akauza nyumba, magodoro, na mashini akamwachia jirani yake, Mama Iteka. Jumapili ya tarehe 19 kanisa lilimwombea, likamwimbia wimbo wa kuaga, akalia mbele yetu kwa furaha. Siku chache baadaye simu ilipigwa: Amerika imesimamisha safari za wakimbizi, kila mtu abaki alipo.

Wakapewa chumba nyuma ya kanisa. Papa Ambroise akaenda kumwomba Mama Iteka amruhusu kushona kidogo kwenye ile mashini. Mama Iteka akampa kiti na kugeuka pembeni asimwaibishe.

Gakiza alikuja kumtazama pale. Akavua kofia.

"Mzee, nimefikiri. Amerika njo ilishinda. Mi nimekubali."

Papa Ambroise hakuinua kichwa. "Tuache, ndugu yangu. Ule alishinda hajue hata jina yangu."

Tangu siku hiyo hakubishana tena na mtu. Gakiza alimchokoza mara nyingi, akamtukania Amerika waziwazi, akamsifia hata Wataliani. Yeye aliendelea kushona.

Ugonjwa wa presha ulimshika mwezi wa saba. Tarehe 3 Februari 2026 upande mmoja wa mwili ulikufa, akapelekwa hospitali Lilongwe. Tulimwombea usiku na mchana. Kinywa hakikuweza kusema, ila Elodie alipopiga simu machozi yalimtoka jicho moja. Alitutoka tarehe 11 Februari, alfajiri.

Elodie hakuweza kuja. Akitoka kule, anaogopa hataruhusiwa kurudi kwa mtoto wake. Jana tulimwonyesha uso wa baba kwa simu kabla sanduku halijafungwa. Aliita, "Papa, njo mimi, Elodie," akaita tena, na hatukujua nani kati yetu amjibu.

Ameacha mjane, Mama Annuarite; watoto Patient, Elodie na Cadeau; mjukuu Gabriella; dada zake wawili, na rafiki yake Gakiza.

Bwana, sisi tumeshindwa. Mpe wewe pumziko.