Bakuli Lililoinama

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu? Sema upesi, simu haipoi tangu niongee redioni!

Mama Pacha: Ni mimi, mke wa marehemu mdogo wako.

Fundi: Aaa, Mama Pacha! Shikamoo yangu imepotelea wapi leo?

Mama Pacha: Imeishia njiani. Nilikusikia redioni.

Fundi: Haki ya Mungu, kila neno kweli tupu! Mti ulipigwa na radi, nikaukausha darini miaka kumi na miwili. Nyuki wakahamia ndani. Nikawaomba kwa adabu wahame, wakatoka mstari mmoja, malkia mbele—

Mama Pacha: Na bakuli ukalikereza siku moja.

Fundi: Moja tu! Kerezo linazungusha mti, patasi inaimba, ukuta wa bakuli mwembamba kama ganda la yai. Watu wamelia pale kwenye maonyesho, shemeji. Zawadi ya kwanza, na medali! Kesho linaingia kwenye kabati la kioo, na kibao chenye jina langu.

Mama Pacha: Mbona limeinama?

Fundi: Si ndiyo sanaa yenyewe? Huzuni ile... mbao nayo ina moyo—

Mama Pacha: Mbao iliyokauka miaka kumi na miwili haiinami. Hata mimi nisiyeshika patasi najua. Linaloinama ni lililokerezwa bichi.

Fundi: Mtandao unakwaruza... haloo?

Mama Pacha: Unanisikia vizuri sana. Nani alikuwa akimcheka mdogo wake, ati kukereza mti mbichi ni kazi ya mvivu?

Fundi: Utani wa ndugu ule—

Mama Pacha: Alilikereza wiki ya mwisho aliyoweza kusimama. Likatoka duara kamili. Tukaliweka dirishani, kwenye mfuko wa maranda, na kila asubuhi mimi ndiye niliyeligeuza lisipasuke. Yeye akikonda, lenyewe likiinama. Akaniambia, “Lione, linanifuata.”

Fundi: Mabakuli yanafanana, shemeji—

Mama Pacha: Siku ya mazishi ukalibeba. “Naenda kulipaka nta, nitalirudisha.” Huu mwezi wa kumi tangu siku hiyo.

Fundi: Mbona sauti yako ina mwangwi? Uko wapi?

Mama Pacha: Ukumbini. Mama msimamizi wa maonyesho amenipa nilishike.

Fundi: Usiliguse chini!

Mama Pacha: Kwa nini chini?

Fundi: ...Basi tu.

Mama Pacha: Nimeshaligeuza. Mume wangu alikuwa akiweka alama kitakoni, pete tatu za kuchongwa. Hapa naona mikwaruzo ya msasa, huku na huku, kama kuku amechakura. Mama anauliza, fundi mkubwa hivi, mbona hakulirudisha kwenye kerezo akalisafisha?

Fundi: Likishainama halikai tena kwenye—

Mama Pacha: Malizia. Nimeweka spika.

Fundi: Mama Pacha!

Mama Pacha: Malizia, shemeji. Anakusikia.

Fundi: [anakohoa] Halikai. Nilisugua kwa mkono, nikafuta. Pete zilikuwa za mdogo wangu. Kazi ni yake.

Mama Pacha: Na nyuki?

Fundi: Hakukuwa na nyuki.

Mama Pacha: Njoo na ile medali. Na patasi yako ndogo. Utachonga jina lake palepale ulipofuta, watu wakikutazama.

Fundi: Mbele ya watu wote?

Mama Pacha: Redioni walikuwa wachache?

Fundi: Navaa viatu. Shemeji... alikuwa akiniulizia? Mle chumbani, miezi yote ile ambayo mimi—

Mama Pacha: Kila mtu akipiga hodi, yeye alidhani ni wewe.

Fundi: Na mimi sikupiga hodi hata siku moja.

Mama Pacha: Salio linaisha. Wanafunga saa kumi na moja. Na usije na hadithi.

Fundi: Sina tena. Nilikuwa naogopa kumwona vile, shemeji, ndiyo maana... haloo? Mama Pacha? Haloo?... Nakuja. Nakuja.