Zamu ya Elijah Kavumbi

Jamaa, majirani na marafiki mliotoka Ukunda, Msambweni na hata Lunga Lunga, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, tunaomba utulivu tuwasomee maisha ya ndugu yetu kama yalivyotoka kinywani mwa dada yake mkubwa, Bibi Kahaso, aliyembeba mgongoni kabla hajajua kutembea.

Elijah Kavumbi alizaliwa tarehe 14 Aprili 1953 hapa Kinango, akiwa kitinda mimba wa mzee Tembo, akasoma shule ya msingi papa hapa hadi mwaka 1967, na tangu udogo wake hakupita penye kitu kibovu bila kukichokonoa, hata mama yetu akawa anaificha redio kila aendapo kisimani.

Mwaka 1974 aliteremka Diani, akaajiriwa fundi wa umeme katika hoteli moja ya ufuoni, na huko ndiko alikoikuta mashine ya gololi, meza ndefu yenye kioo, taa na kengele, mchezaji huvuta springi, gololi ya chuma ikaruka juu, naye akaizuia isianguke kwa vibao viwili vidogo. Ilikuwa ya watu wawili, wa kwanza akiipoteza gololi taa humwakia wa pili, na mchezo hausogei mpaka wa pili naye acheze. Wa pili alikuwa Jemima, msichana wa dobini, aliyemshinda kila walipotoka kazini na kumwambia, “Elijah, mikono yako ni ya kushika bisibisi tu, mchezo niachie mimi.” Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, wakajenga Ukunda, wakajaliwa binti mmoja, Faith, ambaye sasa anafanya kazi Nairobi.

Hoteli ilipofungwa mwaka 2012, Elijah aliiomba mashine ile, ikaletwa kwa mkokoteni, ikakaa nyuma ya nyumba chini ya nailoni, chumvi ya bahari ikaila, kuku wakataga ndani yake, na kila Jemima akiuliza itatengenezwa lini, aliambiwa nafasi ikipatikana. Jemima akafariki tarehe 2 Juni 2019, nafasi haijapatikana.

Ndipo Elijah akaiingiza sebuleni, akasugua kutu kwa msasa, akabadilisha nyaya zilizooza, akakata raba za vile vibao kutoka tyubu ya baiskeli, gololi akaitoa kwenye beringi ya lori, na mwaka wa tatu kengele ikalia. Lakini alicheza zamu yake peke yake. Taa ya pili ikiwaka aliketi kitini akingoja mtu, na aliyebisha hodi, awe muuza maziwa au jirani yake Swabir, hata salamu hazijaisha, aliambiwa, “Karibu, zamu yako.” Wengine walicheza kwa adabu, wengine walicheka kwamba mzee amerudi utotoni, na siku ambazo hakuja mtu, taa ile ilikesha ikiwaka. Faith akipiga simu aliambiwa hayo hayo, naye akamuahidi babake kwamba Krismasi atakuja, na Krismasi zikapita.

Mwezi wa Januari mwaka huu moyo ulianza kumsumbua, tarehe 27 Februari Swabir alimkuta kitini akihema kwa taabu, akamkimbiza hospitali Msambweni, na huko ndiko alikokata roho tarehe 3 Machi 2025, Faith akiwa njiani.

Faith alipoufungua mlango wa nyumba aliikuta taa ya pili inawaka. Akaweka mkoba chini, akavuta springi, akacheza, kengele zikalia hadi Hanifa, mke wa Swabir, akatoka jikoni kwake akidhani mzee amerudi, kisha gololi ikaanguka, na taa ikahamia upande wa kwanza. Tangu hapo hakuna aliyeigusa tena mashine ile.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Swabir na Hanifa waliokuwa ndugu zaidi ya majirani, wenzake wa zamani wa hotelini waliolibeba jeneza, na kila mtu aliyewahi kuingia sebuleni mle akacheza gololi moja, hata kama alikuwa na haraka zake.

Elijah, taa inawaka upande wako, na hatutaizima leo. Pumzika kwa amani.