Vijiti Vinne Mkononi mwa Baba

Mbona hamuulizi dawa ya sukari itaisha lini? Mama aliwauliza hivyo wazee wa ukoo, Januari mwaka huu, walipokuja sebuleni kwetu kutaka kujua Baba ataacha lini dawa zake, na mmoja wao akaomba sauti ya televisheni iongezwe. Mimi ni binti wa kwanza wa marehemu, nimeshauriwa nisome katika wasifu huu kwamba aliugua ghafla, lakini Mama na mimi tumekubaliana usomwe jinsi ilivyokuwa.

Baba alizaliwa tarehe 9 Juni 1974, katika chumba cha nyuma cha duka la mama yake mshonaji, akasoma shule ya msingi hadi 1988, kisha chuo cha ufundi hadi 1993, akatoka fundi wa majokofu, na kwa kazi hiyo na upole wake wateja wakamwita Baridi. Alifunga ndoa na Mama tarehe 16 Desemba 2000, wakajaliwa watoto watatu, sisi hapa, tuliojifunza kuhesabu kwa skrubu zake na kugombezwa kwa kuzipoteza.

Tarehe 3 Agosti 2017 alianguka kutoka ngazini akifunga kiyoyozi, akapasuliwa mgongo, akapewa vidonge vikali vya maumivu, na vilipokatishwa mwili ulikuwa umeshavizoea, akavitafuta mitaani, alipovikosa akaingia kwenye unga, heroini. Naona vichwa vinainama, tafadhali viinueni, tunamzungumzia mgonjwa.

Julai mwaka jana daktari alimwekea vijiti vinne, vifupi kuliko njiti ya kiberiti, chini ya ngozi ya mkono wa kushoto, vinavyotoa dawa ya kuzuia hamu ya unga kidogo kidogo kwa miezi sita, bila foleni ya kunywa dawa kliniki kila asubuhi, na mafundi wenzake wakamtania, eti Baridi na wewe umewekewa kijiti, unapanga uzazi, naye akawajibu ndiyo, hawa watatu tu ada zao zinamtoa jasho. Alirudi kazini, akanenepa, akalala usingizi wa kweli.

Januari vilitolewa, na vingine vilipaswa kuwekwa mkono wa kulia, lakini Baba Mkubwa, anayejichoma insulini kila siku na anayenisikia hapa, akasema mwanaume aliyepona hatembei na dawa ndani ya ngozi, wazee wakaitikia, wakamkatia keki iliyoandikwa Hongera. Baba Mkubwa alimpenda mdogo wake, ndiye aliyemsomesha chuo, na ndiyo maana Baba alimsikiliza, hakurudi kliniki. Hamu ilirudi keki ikiwa bado kwenye friji. Tarehe 2 Machi alitumia kiasi cha unga alichokizoea zamani, mwili ukiwa haukiwezi tena, akafariki katika choo cha karakana, akiwa na miaka hamsini.

Tunamshukuru daktari, muuguzi aliyepiga simu mara kwa mara kumkumbusha, majirani waliolala nasi sebuleni, na mafundi waliovunja mlango wakidhani watamwahi.

Lala salama, Baba, mgongo hauumi tena.

Na wewe unayenisikiliza, kama nyumbani kwako kuna mtu anayetumia dawa hii, usimpongeze kwa kuiacha, tarehe yake ikifika msindikize kliniki.