Bwawa Lililokataa Kutakata

Benchi lenyewe lilikuwa ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi cherehani. Jua la saa nane likifika kwenye kona ile haliondoki upesi. Linakaa tu magotini mwa watu, na mashine ya fundi inanguruma polepole mpaka maneno yenyewe yanaanza kusinzia. Wenye benchi hawaitani kwa majina. Kulikuwa na Hakimu, tarishi mstaafu wa mahakama, aliyebeba mafaili ya watu miaka mingi hadi akaamini hukumu zilikuwa zake. Kulikuwa na Redio, fundi wa redio, ambaye huna habari utakayompa yeye asiwe nayo tangu jana. Kulikuwa na dada muuza kahawa na birika lake. Na kulikuwa na Klorini, mtunza bwawa la kuogelea kwenye nyumba yenye geti jeusi, mtu aliyenukia dawa ya maji hata siku ya mapumziko.

Siku hiyo, Alhamisi, Klorini alikaa pembeni kabisa mwa ubao, kikombe mkononi, hanywi.

— Limekataa tena, alisema.

— Bwawa? aliuliza Redio.

— Bwawa. Jana nimelisugua kuta zote kwa brashi, nikamwaga dawa mara mbili ya kawaida. Leo asubuhi nikaona chini. Mchana, kijani. Miaka kumi na miwili sijaaibika hivi.

— Wiki ya ngapi hii?

— Ya tatu.

Hakimu alikohoa kidogo, kama anayefungua kesi.

— Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wewe umempa klorini wiki tatu, ndiyo maana amenogewa.

— Mzee, hiyo methali ni ya wageni. Huu ni mwani.

— Kwani mwani huo ulizaliwa pale?

Klorini moyoni alikuwa anahesabu siku. Mama mwenye nyumba, mjane wa miezi miwili, ana magoti yaliyokufa. Nchi kavu anatembea na fimbo na kuugulia, lakini ndani ya maji alikuwa anatembea mwenyewe, huku na huku, kila asubuhi, akicheka peke yake. Tangu maji yageuke kijani hajaingia. Na binti yake mkubwa amekwisha sema: Jumamosi linakuja tipa la udongo, shimo lifukiwe, ziote nyasi. Klorini alipofikiria udongo ukimwagwa mle, alizungusha kikombe mkononi.

— Mimi nitakwambia ukweli, alisema Redio, akashusha sauti ingawa hakuna aliyekuwa anasikiliza. Maji yakikaa mahali pamoja miaka mingi, yanaanza kuota ndoto.

— Ndoto za nini?

— Yanaota kwamba ni ziwa. Ule ukijani unaouona ni mwanzo tu. Ukiyaacha, yataota matete. Baadaye ndege.

— Na samaki?

— Samaki ni mwisho kabisa. Haba na haba hujaza kibaba.

Kila mmoja akaliona ziwa lake. Hakimu aliona mtumbwi mdogo ukipita taratibu karibu na geti jeusi. Dada muuza kahawa aliona kivuli cha matete na yeye amelala humo, hakuna anayemwita. Hata Klorini, pamoja na shida zake, alijikuta anasikia mabawa yakipiga maji, na kwa muda akafurahi.

— Hapana, alisema Hakimu, akiamka kwanza. Ndoto haina ushahidi. Yale maji yana msiba. Aliyeyachimbia shimo ni nani? Si marehemu mzee? Sasa nani aliyeyapa taarifa?

— Taarifa ipi?

— Ya kifo. Mmewaambia ndugu, mmewaambia majirani, maji mmeyaacha yasikie kwa watu. Lazima usimame ukingoni na karatasi, uyasomee. Tarehe, saa, sababu. Halafu unayauliza kama yana pingamizi.

— Yakiwa nalo?

— Tunaahirisha.

— Na tipa la Jumamosi litaahirishwa na nani? alisema Klorini kwa uchungu.

Dada muuza kahawa alimwaga kahawa yake iliyopoa, akammiminia nyingine bila kuombwa.

— Kaka, mbona mnajisumbua? Paka kuta za bwawa rangi ya kijani. Nani atajua kijani kipi ni cha ukuta na kipi ni cha maji?

— Magoti ya mama yatajua, dada. Chini kunateleza. Akianguka mle, mimi nitaishije?

Hapo ndipo alipofika fundi wa friji, mwanamke mwenye mkoba wa vifaa uliokatika mkanda. Akampa fundi cherehani aushone, akaomba kahawa, akaketi mwisho wa benchi akisubiri. Walimsimulia yote, wakipokezana: mwani, dawa maradufu, ziwa, msiba, rangi ya kijani. Alisikiliza hadi mwisho, hakucheka. Kisha akauliza:

— Pampu mnaiwasha saa ngapi kwa siku?

Hakimu alimtazama Redio. Redio alimtazama dada muuza kahawa. Dada akatazama ndani ya birika. Wiki tatu walikuwa wamelizungumzia bwawa lile, wala pampu haikuwahi kutajwa hata mara moja.

— Nauliza kwa sababu dawa haina miguu, alisema yule mwanamke. Maji yasipozunguka, inalala pale ulipoimwaga.

Kusema kweli, Klorini alikuwa anajua, ila alikuwa amekifukia alichokijua. Tangu wamzike mzee, mama alianza kutoa kiti chake kila baada ya chakula cha mchana, akakiweka kando ya bwawa, akafumba macho. Na Klorini, kwa huruma, akawa anaizima pampu ili kelele yake isimsumbue. Akishaizima anatoka kwa kunyata, anakuja kijiweni. Mama habanduki pale mpaka jioni, na jioni Klorini keshakwenda kwake. Kwa hiyo pampu ilikuwa inafanya kazi kwa muda wa saa tatu tu kila asubuhi, basi. Alidhani akizidisha dawa itatosha.

Angemwambiaje mgeni kwamba ameliua bwawa la mama kwa kumwonea huruma mama? Aliweka kikombe chini, kahawa imejaa, akaondoka bila kuaga.

Alimkuta mama kitini, fimbo mapajani, maji ya kijani yametulia mbele yake. Macho yalikuwa wazi.

— Mama, nina kosa, alisema, akachuchumaa. Akaeleza yote, tangu siku ya kwanza, bila kujitetea.

Mama aligeukia ukuta ulioficha pampu.

— Kwa hiyo haijaharibika?

— Nzima, mama. Nilikuwa naizima upumzike.

— Mwanangu, mimi nije hapa kupumzika na kimya? Kimya kiko tele chumbani. Mzee alikuwa anakoroma, Mungu amrehemu, usiku mzima. Miaka yote nikikosa usingizi, mchana nafungua dirisha la chumbani, pampu inanibembeleza kwa mbali. Alipokufa nikasema, nitakwenda nikalale kwenye ule mlio. Nikaja, ukanyamaza. Kila siku nakuja nangoja.

— Mbona hukuniuliza?

— Nilikuwa nakuona unavyotoka unanyata. Nikasema, masikini, naye amechoka na nyumba ya msiba, anataka kuondoka, anashindwa kuniaga. Nikaona haya kukuzuia. Binti yangu aliposema tulifukie, nikamwacha aseme.

Klorini alijifuta uso kwa kiganja, hakujali kama anaonekana.

— Siendi popote, mama.

— Basi kaiwashe. Huyo wa tipa nitampigia simu mwenyewe. Binti yangu mkubwa ana sauti, lakini nyumba ni yangu.

Alikwenda nyuma ya ukuta, akainua swichi. Pampu ilikohoa, ikameza hewa, ikaanza kuunguruma. Juu ya maji utando wa kijani ukatikisika, kisha ukaanza kusogea polepole kuelekea kwenye chujio. Alichukua brashi ya mpini mrefu, akaanza na kona ya kwanza, akisugua taratibu. Siku tatu, alijiambia, labda nne. Aligeuka kumwambia mama hivyo, akamkuta amelala fofofo, mdomo umeachama kidogo, fimbo imemponyoka hadi chini.